FRIDTJOF NANSEN: MTU ALIYEIPA NCHA YA DUNIA KISOGO

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka jarida la chama chetu hutoa maisha ya mtu mashuhuri, na ukichunguza utaona kwamba karibu wote ni watu waliofika. Huyu alifika kileleni, yule alifika mwezini, mwingine alifika ikulu. Mwaka huu mimi nimeomba nimwandike mtu ambaye hakufika. Nilipomtaja katika mkutano wetu, mwenzangu mmoja aliyeketi nyuma aliguna, akauliza kama mashujaa wameisha duniani hata tuanze kuwasifu walioshindwa. Watu wakacheka. Sikumjibu kwa kuwa kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imeshalia, na sisi wa shule ya kutwa mnatujua, kengele ikilia hakuna anayebaki kusikiliza hoja. Basi jibu langu ni hili.

Fridtjof Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 nje kidogo ya mji wa Christiania, ambao leo unaitwa Oslo, mji mkuu wa Norwe. Nchi hiyo iko kaskazini kabisa mwa Ulaya. Majira ya baridi theluji hulala ardhini kwa miezi, ikafunika mashamba, barabara na milima, na watu wa huko tangu jadi hutembea juu yake kwa skii. Skii ni mbao mbili ndefu, nyembamba, zinazofungwa chini ya viatu ili mguu usizame bali uteleze. Babake Nansen, Baldur, alikuwa mwanasheria, mtu wa dini na mkali kweli kweli. Mamake, Adelaide, alipenda skii wakati ambapo wengi waliona si jambo la mwanamke. Nadhani damu ya mama ndiyo iliyoshinda.

Chuoni alisomea elimu ya wanyama. Mwaka wa 1882, akiwa kijana wa miaka 20, alipanda meli ya kuwinda sili ili achunguze viumbe wa bahari ya barafu. Meli ikanaswa kwenye barafu karibu na Greenland, na kijana akawa anaitazama nchi ile nyeupe kwa mbali. Tangu siku hiyo ikamkaa kichwani. Aliajiriwa katika jumba la makumbusho la Bergen, akawa mtaalamu wa mishipa ya fahamu ya wanyama wadogo, lakini hakutulia. Mwaka wa 1884 alivuka milima kwa skii katikati ya baridi, kutoka upande wa Bergen hadi Christiania, ati anaenda kwenye mashindano ya skii. Halafu akarudi kwa skii vile vile.

Sasa sikilizeni habari ya Greenland, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata. Hicho ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, na karibu chote kimefunikwa na barafu nene. Kabla ya Nansen hakuna aliyejulikana kukivuka kutoka pwani hadi pwani. Waliojaribu walianzia magharibi, upande wenye watu na nyumba, na mambo yakiwa magumu wakarudi walikotoka. Nansen akafikiri kinyume. Yeye aliamua kuanzia mashariki, pwani isiyo na kijiji cha kukimbilia wala meli ya kungoja, aelekee magharibi kwenye watu. Ukianzia huko huna nyuma. Nyuma ni mauti, mbele ni chakula. Wazee wa magazeti walimwona mwendawazimu.

Walikuwa sita: Nansen, Otto Sverdrup, Oluf Dietrichson, Kristian Kristiansen Trana, na Wasami wawili, Samuel Balto na Ole Ravna. Wasami ni wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali, na kwa skii hakuna wa kuwafundisha. Mwezi wa Julai 1888 waliiacha meli wakateremka kwenye mashua, lakini barafu inayoelea ikawabeba kuelekea kusini siku nyingi kabla hawajakanyaga nchi kavu. Ilibidi wapige makasia kurudi kaskazini. Katikati ya Agosti ndipo walipoanza kupanda, wakikokota mizigo yao wenyewe kwa sleji, yaani vigari visivyo na magurudumu vya kuburuta juu ya theluji. Hawakuwa na mbwa wa kukokota. Walifika mwinuko wa zaidi ya mita 2,700, na usiku baridi ilishuka hadi karibu nyuzi 45 chini ya sufuri. Tarehe 3 Oktoba Nansen na Sverdrup wakaingia Godthaab, mji ambao sasa unaitwa Nuuk, wakiwa ndani ya kijimashua walichokiunda kwa vijiti na turubai la hema. Meli ya mwisho ya mwaka ilikuwa imekwisha kuondoka. Kwa hiyo wakakaa huko hadi mwaka uliofuata, na Nansen akautumia muda huo kujifunza kwa Wainuiti, wenyeji wa Greenland: kuwinda, kuvaa, na kuendesha kayaki, mtumbwi ule mwembamba wa mtu mmoja. Shikeni neno hilo kayaki, tutalihitaji.

Kwa hiyo mtu huyu si mwoga. Alikuwa mtu aliyejifungia mlango wa nyuma kwa makusudi.

Aliporudi Norwe mwaka wa 1889 alipokewa kama mfalme, akamwoa Eva Sars, mwimbaji hodari. Lakini akili yake ilikuwa kwenye Ncha ya Kaskazini. Pale juu hakuna nchi, kuna bahari iliyoganda tu, na mtu yeyote hakuwa amefika. Mwaka wa 1881 meli moja ya Wamarekani, Jeannette, ilikuwa imepondwa na barafu kaskazini mwa Siberia. Miaka mitatu baadaye vipande vyake viliokotwa pwani ya Greenland, upande wa pili kabisa! Vilifikaje? Nansen akasema barafu yote ile inatembea polepole kama mto. Basi kwa nini mtu asiiingize meli ndani yake akusudi, akabebwa?

Meli za kawaida zingepondwa. Fundi Colin Archer akamwundia nyingine, Fram, yenye ubavu wa mviringo kama kifuu cha nazi, ili barafu ikiibana isipate pa kushika, iteleze chini na kuinyanyua meli juu. Wataalamu wengi wakacheka. Tarehe 24 Juni 1893 Fram ikaondoka na watu 13. Nansen alimwacha nyumbani binti yake, Liv, ambaye hakuwa hata na miezi sita. Mwezi wa Septemba wakaingia kwenye barafu, barafu ikafunga, na meli ikanyanyuka vile vile alivyokuwa amekadiria. Ndani walikuwa na taa za umeme zilizoendeshwa na kinu cha upepo, vitabu, na chakula cha miaka.

Tatizo moja tu: barafu ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga, tena ikipinda huku na huku. Baada ya mwaka mzima na zaidi Nansen aliona wazi kwamba meli itapita kando ya ncha. Akaamua kushuka na mtu mmoja, waende kwa skii na sleji za mbwa. Akamchagua Hjalmar Johansen, kijana wa miaka 27, mwanasarakasi mwenye nguvu ambaye alikuwa ameitaka safari hii hata akakubali kazi ya kuchochea moto wa injini ilimradi achukuliwe. Walijaribu kuondoka mara mbili, sleji zikavunjika au mizigo ikawa mizito, wakarudi. Mara ya tatu, tarehe 14 Machi 1895, wakaenda moja kwa moja. Walikuwa na mbwa 28, sleji tatu na kayaki mbili. Ncha ilikuwa mbali nao kwa kilomita kama 660, na Nansen alikadiria siku 50.

Mwanzoni walikwenda vizuri. Kisha barafu ikaanza kuwa milima na mabonde, vipande vikubwa kama nyumba vimepandiana, na kila sleji ilibidi inyanyuliwe kwa mikono. Jasho liliganda ndani ya nguo zao hata nguo zikawa ngumu kama bati. Mkono wa koti la Nansen ulimkata kifundo mpaka kukawa na donda. Usiku walilala wawili ndani ya mfuko mmoja wa kulalia, wakitetemeka saa nzima hadi nguo ziyeyuke mwilini. Mbwa mmoja akichoka kabisa, huchinjwa akalishwa wenzake. Hapo mimi nilifunga kitabu kidogo.

Na juu ya yote hayo, kila Nansen alipopima jua ili ajue wako wapi, alipata kwamba wamesogea kidogo kuliko miguu yao ilivyodai. Kumbe barafu waliyokuwa wakiikanyaga kuelekea kaskazini ilikuwa yenyewe inasogea kusini! Ni kama kupiga makasia kutwa dhidi ya mkondo, halafu unatazama kando unaona mti ule ule.

Tarehe 8 Aprili 1895 Nansen alimwacha Johansen kambini akatangulia peke yake kwa skii. Akapanda juu ya rundo refu la barafu, akatazama kaskazini. Alichokiona kilikuwa mawe ya barafu juu ya mawe ya barafu mpaka upeo wa macho. Walikuwa kwenye latitudo ya nyuzi 86 na dakika 13 na kitu. Hakuna binadamu aliyejulikana kuwahi kufika karibu hivyo. Aliyetangulia kushika rekodi alikuwa amebaki nyuma yao kwa karibu nyuzi tatu nzima. Ncha ilibaki kilomita kama 420, pungufu kidogo ya barabara ya Nairobi hadi Mombasa.

Hebu tufanye hesabu aliyoifanya. Katika siku 25 walikuwa wamesonga kaskazini kilomita kama 240, yaani chini ya kumi kwa siku. Kwa mwendo huo kufika kungewachukua siku zaidi ya 40 nyingine, na barafu ilikuwa inazidi kuharibika, haipungui. Mbwa walikuwa wanapungua. Na ukifika nchani hujamaliza safari, maana ni lazima utoke. Fram hawangeweza kuirudia, kwa sababu ilikuwa inaelea mahali pasipojulikana. Nchi kavu ya karibu, visiwa vya Franz Josef, ilikuwa mamia ya kilomita kusini, na kiangazi barafu hupasuka ikawa madimbwi na mifereji. Wangeenda mbele, wangefika. Huenda. Lakini nyumbani wasingefika.

Akageuza skii. Mwenzangu wa nyuma anasema hapo ndipo aliposhindwa. Mimi nasema hebu ifikirie ile dakika. Umetumia miaka mitano kupanga, fedha za taifa lako, umemwacha mtoto mchanga, dunia nzima inangoja jambo moja tu kutoka kwako, na hakuna shahidi ila Johansen na mbwa. Miguu bado inaweza. Siku ile hakuna kilichomlazimisha kurudi ila akili yake mwenyewe. Kule Greenland alikuwa amejinyima nafasi ya kurudi kwa sababu mbele kulikuwa na watu. Hapa mbele hakukuwa na kitu, ila nukta kwenye ramani. Mimi sioni kwamba mtu huyu alibadilika. Hesabu ndiyo iliyobadilika.

Wala kurudi hakukuwa kupumzika! Hapa ndipo watu wengi hukosea wakidhani aliyegeuka amekwenda zake kunywa chai. Alikuwa na zaidi ya mwaka mzima mbele yake.

Siku za kwanza, ajabu ya Musa, barafu ikawa laini wakakimbia. Kisha, katikati ya Aprili, baada ya mwendo mrefu bila kulala, wakagundua saa zao zote mbili zimesimama. Walikuwa wamesahau kuzitia ufunguo. Bila saa sahihi huwezi kujua uko mashariki au magharibi kiasi gani, kwa hiyo kuanzia hapo walitembea kwa kubahatisha. Mwishoni mwa Julai ndipo walipoona nchi. Agosti, alipokuwa akivuka ufa wa maji, Johansen aliangushwa na dubu mweupe. Akamshika dubu koo kwa mkono, na kwa sauti tulivu akamhimiza Nansen afanye haraka na bunduki. Nansen akawahi. Walipofika kwenye maji wazi walibaki na mbwa wawili tu, mmoja wa kila mtu, na kayaki hazingeweza kuwabeba. Hakuna aliyeweza kumpiga risasi mbwa wake mwenyewe. Wakabadilishana: Nansen akampiga wa Johansen, na Johansen wa Nansen, kila mmoja kando.

Baridi ikawakuta kwenye kisiwa kisicho na mtu. Wakajenga kibanda cha mawe kilichozama nusu ardhini, wakakiezeka kwa ngozi za wale wanyama wakubwa wa baharini wenye pembe kama za ndovu. Wakakaa humo miezi karibu tisa, usiku mrefu usio na jua, wakila nyama ya dubu asubuhi na jioni. Wote wawili walinenepa! Husimuliwa kwamba hadi wakati huo Johansen alimwita mwenzake kwa lugha ya heshima, kama tunavyomwita mwalimu mkuu, ingawa walikuwa wakilala mfuko mmoja. Usiku wa mwaka mpya ndipo Nansen alipopendekeza waanze kuitana kirafiki. Nilicheka sana hapo, lakini nikaona pia kwamba heshima hiyo huenda ndiyo iliyowazuia wasigombane.

Mei 1896 wakaondoka tena. Juni, wakiwa nchi kavu, kamba iliyofunga kayaki zao ikafunguka, zikaanza kuelea zikienda na kila walichokuwa nacho. Nansen akajitupa kwenye maji ya barafu akaogelea kuzifuata, na alipozishika mwili ulikuwa umekufa ganzi, karibu ashindwe kupanda. Siku chache baadaye, tarehe 17 Juni, akasikia mbwa akibweka. Alikuwa ni mbwa wa Mwingereza Frederick Jackson, mpelelezi aliyepiga kambi visiwani humo. Jackson hakumtambua mara moja, kwa kuwa Nansen alikuwa mweusi tititi kwa moshi na mafuta, na nywele zimefika mabegani. Jambo la kuchekesha ni kwamba Jackson aliwahi kuomba achukuliwe kwenye Fram akakataliwa kwa kuwa si Mnorwe. Sasa yeye ndiye mwenyeji, na maji ya moto ya kuoga ni yake.

Tarehe 13 Agosti 1896 Nansen na Johansen waliteremka Vardø, Norwe. Siku iyo hiyo Fram ilichomoka kutoka barafuni, nzima, chini ya Sverdrup. Watu 13 waliondoka, watu 13 wakarudi. Rekodi yake ilivunjwa mwaka wa 1900 na kikosi cha Waitaliano, kwa dakika kama 20 tu za latitudo, na katika safari hiyo watu watatu walipotea barafuni wasionekane tena. Kiongozi wa kikosi hicho, Mtawala mdogo wa Abruzzi, ndiye aliyekuja kwetu Afrika mwaka wa 1906 akapanda vilele vya Ruwenzori.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Norwe ilijitenga na Uswidi mwaka wa 1905, na Nansen akawa balozi wake London. Eva alifariki Desemba 1907. Nansen alikuwa bado na ndoto ya kwenda Ncha ya Kusini na Fram, lakini meli akampa Roald Amundsen, ambaye aliitumia hadi Antaktika na kufika ncha hiyo tarehe 14 Desemba 1911. Johansen alikuwa katika msafara huo ila hakupelekwa nchani, kwani aligombana na Amundsen. Alifariki mwaka wa 1913, na kila nikisoma habari zake naona hakutendewa haki.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu kwa maelfu ya mateka walikuwa bado wamekwama, hasa Urusi, hawana treni, hawana meli, wala serikali inayowakumbuka. Mwaka wa 1920 Ushirika wa Mataifa, shirika lililoutangulia Umoja wa Mataifa, ukamwomba Nansen awarudishe makwao. Kufikia 1922 alikuwa amewarudisha zaidi ya 400,000. Mwaka wa 1921 akafanywa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi. Warusi zaidi ya milioni moja walikuwa wametoroka mapinduzi, na serikali mpya ikawavua uraia. Bila karatasi hukuweza kuvuka mpaka, kupata kazi wala kuoa. Nansen akabuni cheti ambacho nchi zaidi ya 50 zilikuja kukikubali, watu wakakiita pasipoti ya Nansen. Mwaka wa 1922 akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani, na fedha zake akazitoa kwa kazi za msaada.

Si kwamba kila alilofanya lilikuwa tamu. Aliunga mkono mpango wa 1923 wa kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki, ambapo zaidi ya watu milioni moja walilazimishwa kuacha vijiji vya babu zao kwa sababu ya dini. Aliona itazuia mauaji. Mimi bado sijakubaliana naye.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 13 Mei 1930, akazikwa tarehe 17, sikukuu ya taifa lake. Tangu 1954 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi hutoa tuzo yenye jina lake. Mwaka wa 2023 iliyo kuu ilikwenda kwa Abdullahi Mire, aliyezaliwa Somalia akakulia hapa Kenya katika kambi ya Dadaab. Yeye alikuwa amepata makao Ulaya, tena huko huko Norwe, nchi ya Nansen. Akarudi Kenya, akaanza kukusanya vitabu vya kupeleka kambini, ambako kitabu kimoja hugombaniwa na wanafunzi wengi. Wakati anapewa tuzo alikuwa amefikisha vitabu 100,000.